Nanga Iliyoningoja Nansio

Safari hii ningeifanya miezi mitano mapema kama si ujuaji wangu wa Kiswahili. Naanza na hilo kwa sababu ninyi wa nyumbani Tanga mnanifahamu, na mngenishangaa kama ningeanza kwa kulisifia ziwa.

Mimi ni mtunza ghala katika kiwanda cha kuchambua pamba hapa Mwanza, na starehe yangu ni santuri. Zimejaa kabati la nguo, nguo zenyewe zinalala sandukuni. Kila santuri mpya naisikiliza mara tatu kabla sijaitolea neno. Nina za rumba ya Kongo, za taarabu, za bendi za Dar es Salaam, za filamu za Kihindi, za kwaya, za Wamarekani weusi wanaolia kwa sauti kubwa, na moja ya Mzungu anayepiga piano peke yake. Nilikuwa nikijigamba kwamba hakuna muziki utakaonipita.

Mwaka juzi mwenzangu wa ghalani, Tito, mtu wa Ukerewe, aliniomba nimpokee baba yake aliyekuja kutibiwa hospitali. Tito mwenyewe alikuwa anaishi chumba kimoja na mkewe na watoto. Mzee Magoma akakaa kwangu Kirumba wiki mbili. Hakuwa mgeni mwepesi. Chai ilikuwa na majani mengi mno, kitanda kilikuwa laini mno, na majirani walikuwa wanamsalimia haraka mno. Lakini nikiweka santuri alinyamaza, na ikiisha alisema neno moja au mawili ambayo mimi nisingeyapata kwa mwezi.

Rumba aliipenda. "Magitaa matatu yanabishana," alisema, "rakini hakuna anayemkatiza mwenzake." Mwimbaji wa taarabu alimsikiliza ameinamisha kichwa, akasema huyu mama amekasirika, ila amekaa kitini. Wa filamu ya Kihindi alimwonea huruma: ana huzuni ya mtu mmoja, wamemwekea watu hamsini wamsaidie kulia. Mmarekani alipoanza kupiga kelele, mzee aliuliza nani kamfia. Kwaya ilipokwisha alisema imeimba vizuri, ila hakumsikia mtu ndani yake.

Ile ya piano aliitaka tena, na tena. Macho ameyafumba, vidole vya mikono yote miwili vinatembea juu ya blanketi. Nilidhani ni homa. Nilimpa vidonge viwili, akavimeza bila ubishi, na mimi nikaona nimemuuguza vizuri.

Alirudi kwao, na baada ya muda Tito naye akaacha kazi akamfuata, kwani wazee wake walikuwa hawawezi tena kukaa peke yao. Tukawa tunaandikiana. Sasa, Tito ana tabia ya watu wengi wa huku ya kuchanganya ele na ere, kalamuni kama mdomoni. Mimi mtoto wa Pwani niliona ni wajibu wangu kumsaidia. Barua zake nilizisahihisha kwa wino mwekundu, nikamrudishia pamoja na majibu. Hakulalamika, nami nikachukulia kwamba anashukuru.

Kisha ikaja barua fupi. "Kaka Salehe, Baba anasema uje upesi. Anataka akupe nanga yake kabra hajachoka kabisa. Usikawie, tafadhari."

Niliisoma kwa sauti pale ofisini na watu wakacheka. Nanga! Mimi nashika madaftari ya pamba, nanga niifunge wapi? Nilisahihisha "kabra" na "tafadhari," na chini nikaandika: "Mwambie mzee mimi si baharia. Nanga ampe mwenye mtumbwi." Nikaitia barua kwenye bahasha nikaipeleka posta siku hiyohiyo. Tito hakuandika tena.

Miezi mitano ikapita. Siku moja tukiwa tunakunywa chai, nikakirudia kile kisa kwa mpiga chapa wetu mpya, Ndugu Revelian, mtu wa Bukoba. Yeye hakucheka. Aliweka kikombe chini.

"Huyo mzee anapiga nanga?" akauliza.

"Anapiga nini?"

"Nanga, Ndugu Salehe. Ubao uliochimbwa, una nyuzi. Kwetu wapigaji wake wamebaki wachache. Na mpiga nanga akikaa kwako akala chakula chako, akirudi kwao anakutungia wimbo. Jina lako linawekwa humo. Alikuwa anakuita ukapokee wimbo wako."

Sikuimaliza chai. Niliomba ruhusa ya siku tatu.

Asubuhi ya Ijumaa, saa mbili, nilikuwa bandarini na gramafoni yangu ya betri na santuri nne. Betri nilizipata kwa shida kama zinavyopatikana siku hizi, yaani kwa kumwamkia mtu ninayemzidi umri. Meli ya Nansio, bandari ya Ukerewe, iliondoka saa tatu, imejaa marobota ya vitenge, masufuria, na akina mama waliokuwa wamekaa juu ya mizigo yao ili isihame. Nilisimama ukingoni nikatunga maneno ya kuomba radhi. Niliyatunga kwa Kiswahili kizuri sana, na kadiri yalivyozidi kupendeza ndivyo nilivyozidi kuyachukia.

Kulipokaribia saa sita na nusu tukafunga gati Nansio. Nilimkuta Tito kwenye duka la kijiji, anapima sukari ya mgao. Aliponiona hakuacha kupima. Alimaliza foleni yote, watu kama kumi, ndipo akafunga mlango.

"Karibu, kaka," akasema. "Mzee yuko hai."

Nilimshukuru Mungu mapema mno. Tulipokuwa tunatembea kuelekea kwao, kwenye nyumba mpya zilizopangwa mstari mmoja kando ya barabara, Tito alinieleza taratibu. Baada ya mavuno baba yake aliamka siku moja mkono wa kulia umekufa, na mguu wake. Kusema anasema. Kupiga, basi.

"Na barua yangu?" nikauliza. "Ulimsomea?"

"Aliniagiza nisome yote."

"Hukujua ni utani?"

"Nilijua ni utani. Sikujua utani wa nini. Sisi mtumbwi tunaufunga kwa jiwe, kaka. Tulikaa na mama tukajiuliza mtumbwi umeingiaje." Akatembea hatua kadhaa. "Baba alisema mgeni amekataa. Akanyoosha mkono akaulegeza uzi."

Nilielewa alichosema nilipoinama kuingia ndani na kuiona nanga yenyewe. Imesimama kona ya chumba, ubao mrefu uliochongwa ukawa na shimo kama karai, mweusi kwa mafuta ya mikono. Nyuzi zinaonekana saba, kumbe ni uzi mmoja tu wa mshipa wa ng'ombe unaokwenda na kurudi kwenye meno ya ubao. Ukiulegeza mwanzo wake, wote umelegea. Ulikuwa unaning'inia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Sarehe. Umereta ya Mzungu yule?"

Alikuwa amekaa kitandani, ameegemea ukuta, mkono umelazwa juu ya mto kama kitu cha mtu mwingine. Nilianza maneno yangu ya kuomba radhi, akayakata kwa mkono ulio hai. Alitaka santuri kwanza. Basi nikafungua gramafoni, nikapiga. Mke wa mzee, Bibi Nyamizi, aliingia na ugali wa muhogo na sato wa mchuzi, akakaa chini kusikiliza. Hata pale mzee hakuacha kukosoa. Bendi ya Dar aliiuliza ina haraka ya kwenda wapi. Nikaweka piano. Safari hii kidole kilichotembea kilikuwa cha mkono wa kushoto tu, na kilisimama mahali ambapo wa kulia ungepokea.

Nililia. Nasema wazi, maana nyumbani mnadhani mimi ni mtu wa mzaha tu.

"Mzee," nikasema, "nilikosea neno. Kwetu nanga ni chuma cha meli. Sikujua." Tito, aliyekaa mlangoni, akamfafanulia kwa Kikerewe.

"Tito ameniereza sasa hivi kwa Kikerewe. Nimeerewa."

"Basi niambie maneno ya wimbo. Maneno tu, bila nyuzi."

"Maneno bira nyuzi ni habari," akasema. "Habari mnayo redioni."

Piano ilikuwa inaelekea mwisho. Ndipo akaniuliza, bila hasira, kama anayeuliza bei ya kitu asichokusudia kununua: "Barua ilipofika, uricheka?"

Ningeweza kudanganya, na Bibi Nyamizi alinitazama kana kwamba ananiomba nidanganye.

"Nilicheka, mzee."

"Peke yako?"

"Na watu wa ofisini."

Akatikisa kichwa, akafumba macho. Santuri ilifika mwisho, sindano ikawa inakwaruza pale katikati, na hakuna aliyeinuka. "Geuza upande wa piri," akasema.

Jumamosi nilishinda naye. Niliomba nijaribu kuukaza uzi, akaniruhusu. Aliniongoza kwa maneno, vuta, si hivyo, vuta tena, na nilipogusa ikatoka sauti ya mlango mbovu. Mzee aligeuza uso ukutani. Nikairudisha nanga konani. Hakuna mtu pale kijijini aliyejifunza kwake. Tito alikuwa Mwanza, ghalani kwangu, miaka ile ambayo angejifunza.

Jumapili asubuhi mzee aliniaga kwa mkono wa kushoto, akaniomba radhi kwa kunipa mkono huo. Bibi Nyamizi alinifungia machungwa. Tito alinisindikiza hadi gatini amebeba gramafoni kichwani. Tulipoona meli imeanza kupakia, nilishindwa kujizuia.

"Tito, wewe uliusikia ule wimbo?"

"Niliusikia. Arikuwa anautengeneza kira siku, wiki tatu."

"Unaanzaje?"

Akautamka mstari wa kwanza kwa Kikerewe, polepole, bila kuuimba. Ndani yake nilisikia jina langu, limetamkwa vile mzee alivyolitamka, na baada ya hapo sikuelewa kitu. Nikamwomba anitafsirie.

Aliutua mzigo chini. Alifikiri kweli, nilimwona anatafuta maneno, midomo inajaribu moja na kuliacha.

"Kwa Kiswahiri, hapana, kaka," akasema. "Utanisahihisha."

Hakusema kwa ubaya, na hilo ndilo lililonimaliza. Meli ikapiga honi, tukashikana mikono, nikapanda.

Njiani kurudi nilikaa juu ya kasha la gramafoni nikamenya machungwa. Nimeishi kando ya ziwa hili miaka tisa, na Kikerewe sijui hata salamu yake. Nimefundishwa kwamba mtu anaweza kuwa na masikio makubwa na bado yakawa yanasikia makosa tu. Santuri zangu nazijua zote: najua nani ameimba akiwa amefiwa, nani amependa, nani amedhulumiwa. Katika dunia nzima ni mtu mmoja tu aliyewahi kuimba habari zangu, na hadi leo sijui alinisifia nini.