Kisu cha Baba Kilikuwa Kwenye Mkoba Wangu

Admin, nakuomba jina langu libaki kwako, maana ndugu zangu wanausoma sana ukurasa huu. Nimeandika na kufuta mara nyingi, leo nimeamua niseme.

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka thelathini na sita, naishi Ilemela. Kazi yangu ni dagaa. Nanunua mwaloni, pale wavuvi wanaposhushia mzigo ziwani, nafunga kwenye magunia na kusafirisha mikoani. Baba yangu ni mfugaji, yuko Usagara. Mama alishatutoka. Tumezaliwa wawili tu, mimi na kaka yangu mkubwa ambaye amejenga jirani na baba.

Mwaka jana baba alipata kiharusi, mkono wake wa kushoto ukafa ganzi hadi leo. Alipopata nafuu aliniita akanipa kisu chake cha kukunja. Jamani, ni kisu kizuri. Mpini wake ni wa pembe ya ng'ombe, umeng'arishwa hadi ukiuinua juani unapitisha mwanga, na pande zote mbili una pete za shaba. Alitengenezewa na fundi wa mjini akiwa kijana, na tangu utotoni sijawahi kumwona bila hicho kisu. Ndicho alichokatia kamba, alichomenyea machungwa yetu, alichotolea miiba kwenye kwato za ng'ombe. Aliniambia kukikunjua kunataka mikono miwili, na mimi ndiye ninayeshinda na kamba za magunia, basi kinifae kazini. Kaka hakupenda. Alisema mwanamke na kisu cha mfugaji wapi na wapi, mwishowe nitakipoteza.

Maneno yale yaliniingia. Nikaamua nitakitunza mpaka kaka aone aibu. Nilikisugua, nikakipaka mafuta, nikakishonea mfuko wa kitambaa laini. Nilitembea nacho kwenye mkoba ili niwaonyeshe watu, lakini kazini niliendelea kukata kamba kwa wembe, vidole vimejaa plasta. Wenzangu mwaloni waliniuliza kile kisu ni cha nini sasa. Niliwajibu hicho ni kumbukumbu ya baba. Baba yupo hai, nami naita kumbukumbu.

Mwezi uliopita nilikwenda kumsalimia. Kaka alikuwa mnadani. Nilikuwa ndiyo kwanza nimefika, napanga vyombo, nilipomsikia baba ananiita kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. Nilikimbia na mkoba wangu ukiwa bado begani. Ndama aliyekuwa amefungwa karibu na mawe alikuwa ameteleza akanasa kati ya mawe mawili makubwa, kamba imembana shingo, ulimi umetoka. Fundo lilikuwa limekaza kiasi kwamba halifunguki. Baba alikuwa amepiga magoti, anaing'ata kamba kwa meno.

Akaniuliza, "Kile kisu changu unacho?"

Kamba ilikuwa imejaa kinyesi na mchanga, na imelala juu ya jiwe. Nitasema ukweli wangu wote hapa. Nilifikiri ule mchanga utakikwaruza, na jiwe litakitia pengo. Mkono ulishaingia kwenye mkoba, nikautoa.

Nikamwambia, "Nimekiacha mjini, baba."

Nikakimbia hadi jikoni kutafuta kisu cha kupikia. Nilichokipata kilikuwa butu. Niliporudi ndama alikuwa bado anarusha miguu, nikakata, nikakata, kamba haikatiki. Ilipokatika alikuwa ameshatulia. Baba alikaa chini, fizi zinatoka damu. Nikavuta leso kwenye mkoba nimfute, na ule mfuko ukatoka nayo, ukamwangukia mapajani.

Aliufungua taratibu kwa mkono wake mmoja. Akakitazama kisu, akakirudisha ndani, akanipa. Hakunifokea. Alisema tu, "Kisu kinachotunzwa hivi ni cha marehemu, mwanangu. Mimi bado nipo."

Kaka aliporudi na kumkuta ndama amekufa, aliuliza nani alimfunga pale. Baba akajibu kwamba ni yeye, alimfunga vibaya, la kisu hakulitaja. Kaka akapandwa na hasira, akasema mtu wa mkono mmoja hafai kufunga ndama, na kwamba ng'ombe wote atawahamishia kwake kabla baba hajawamaliza. Baba aliinamisha kichwa kama mtoto. Mimi nilikuwa namimina chai. Niliendelea kumimina.

Tangu siku hiyo kaka amemkataza kukanyaga zizini. Nikimpigia baba simu anaulizia wajukuu, anaulizia bei ya dagaa, la ndama haligusi kabisa. Ananifichia aibu ambayo ni yangu. Mume wangu anasema niache mambo yaishe, ndama mmoja si wa kuvunja undugu. Juzi nilikitoa kile kisu nikate kamba ya gunia, nikakirudisha mfukoni, nikarudia wembe. Najiuliza nikianza kukitumia sasa nitakuwa namtii baba, au najifurahisha tu baada ya kumwangusha?

Jumapili hii kaka ametuita nyumbani ili ng'ombe wahame. Nikisema ukweli kwamba kile kisu kingemwokoa ndama, baba atabaki na ng'ombe wake, lakini kaka atakidai kisu, na kwa nilichofanya sijui nina haki gani ya kumnyima. Nikinyamaza nitabaki na kisu, huku baba akikaa mlangoni kutazama zizi tupu, akijulikana kwa watu wote kama mzee aliyemuua ndama wake mwenyewe. Wenzangu mliowahi kumwachia mzazi abebe kosa lenu, naomba mniambie: siku mliposimama mbele ya ndugu, mlianza na neno gani?