Nilivyotaka kujifanya Mkenya ili nipate kazi ya hoteli Diani

Wakuu, salamu kwenu, na kwa ndugu zetu wa upande wa pili wa mpaka.

Juzi mdogo wetu mmoja humu aliuliza kama mwanafunzi wa kigeni anaruhusiwa kufanya kazi Kenya akiwa chuoni, na akimaliza inakuwaje. Akajibiwa na watu ambao hata mpakani Horohoro hawajafika.

Mimi nimeyapitia. Nitaeleza yote, pamoja na sehemu ambayo sijamwambia mtu zaidi ya mama yangu na bosi mmoja. Chumvi sitaongeza, aibu iliyomo inatosha kukoleza.

Mimi ni binti wa Kidigo, kwetu Mkinga, Tanga. Nilitaka kusomea upishi, hasa mikate na keki. Mjomba wangu anayeishi karibu na Vanga, upande wa Kenya, akamwambia mama: "Mlete Ukunda. Chuo kiko pale na mahoteli yako pale pale Diani, atahangaika na nini?"

Huyu mjomba niwaeleze kabisa, maana ndiye mwenye kesi. Mama yake na bibi yangu ni dada wa tumbo moja. Bibi akaolewa Mkinga, dada yake akabaki Vanga. Sisi tukawa Watanzania, wao Wakenya, lakini kwenye harusi na misiba hakuna anayeuliza hayo. Na kwetu Wadigo mjomba akisema "huyu mwanangu", anamaanisha hivyo hivyo.

Basi nikaja. Pasipoti ninayo, chuo kikanishughulikia student pass, nikapanga chumba Ukunda.

Matatizo yangu yalianza kwa sababu sikuonekana mgeni. Kiswahili kile kile, Kidigo kile kile, buibui lile lile. Mwenzangu wa darasani kutoka Burundi kila siku anaulizwa karatasi. Mimi naulizwa "za Lunga Lunga?" Wananidhani wa mji ule wa mpakani upande wa Kenya; nacheka, napita.

Mwaka wa pili nikawa nakaanga mahamri Jumamosi na Jumapili kwenye mgahawa mmoja pale Kona ya Musa. Student pass yangu haikuwa na neno lolote la kuniruhusu kufanya kazi ya kulipwa. Msinirushie mawe, wakuu. Nilikuwa sijihesabu mgeni, na hilo ndilo kosa lenyewe.

Kisha nikaenda field, wenzetu wanaita attachment, kwenye hoteli moja ya Diani. Hiyo ilikuwa sehemu ya kozi. Nikawekwa upande wa pastry, na hapo ndipo nilipojua kwamba kazi inaweza kupendwa. Nilikuwa nafika kabla ya saa yangu ili nikaguse tu unga ulioumuka.

HR alikuwa Madam Njeri, mama wa kutoka bara, mkali, anayetembea na funguo nyingi. Alitaka nakala ya kitambulisho. Nikasema nitaleta. Nikaendelea kusema nitaleta mpaka akasahau.

Wiki ya mwisho akaniita ofisini.

"Chef hataki uende," akasema. "Niletee ID, ama hata ile karatasi ya kuingojea, na zile zingine by Friday ya wiki ijayo, nikuandikie contract."

Ningeweza kusema pale pale, Madam, mimi ni Mtanzania. Sentensi moja tu. Lakini nilikuwa nimewaacha watu waniite wa Lunga Lunga kwa miaka miwili. Niliona nikisema nitaonekana tapeli, na nafasi itakwenda kwa mwingine. Nikasema sawa, nikatoka, nikampigia mjomba nikilia.

"Hilo ndilo la kukutoa machozi?" akasema. "Jumatano Mejumaa anakwenda kwa chifu kwa ajili ya kipande. Mtakwenda pamoja. Nitasema wanangu wawili, basi."

Kipande ndicho kitambulisho cha taifa, ndivyo wanavyokiita huku. Mejumaa ni binti yake wa kumzaa, rika langu, mpole mpaka anakera. Alikuwa amepata nafasi ya kusomea uuguzi Msambweni, na bila kipande asingepata msaada wa ada wa serikali, na bila huo msaada asingekwenda. Alikuwa ameshajaribu mara mbili akarudishwa.

Kwa wasiojua, wakati ule watu wa mpakani hawakupewa kipande hivi hivi. Unakaa mbele ya chifu na wazee, unaulizwa wewe ni wa nani, mpaka waridhike. Siku hizi nasikia utaratibu umebadilika. Kijiji sikitaji.

Jumatano ikafika. Mezani wako watu watano: chifu, wazee watatu, na mama mmoja wa makamo aliyewakilisha wanawake. Chifu alikuwa mpya na wazee ni wa vijiji vingine, watoto wa mjomba hawakuwajua kwa sura. Sisi tumekaa kwenye benchi, watu wengine wamejaa mlangoni wakisubiri zamu.

Wakuu, niling'ara. Nilimwamkia kila mmoja kwa shikamoo yake. Nikaulizwa bibi alikuwa wa ukoo gani, nikataja. Babu amezikwa wapi, nikataja mpaka mti ulio karibu. Yote yalikuwa kweli, maana ni ukoo wangu kweli. Uongo ulikuwa mmoja tu, jina la baba. Baba yangu yuko hai, yuko Mkinga, na asubuhi ile alikuwa amenitumia ujumbe wa kuniuliza kama nimeamka salama.

Mejumaa kila akiulizwa anatazama vidole vyake vya miguu. Jina la bibi yake akalisahau.

Mzee mmoja mwenye miwani alikuwa anasoma fomu kimya. Akaziweka mbili pamoja.

"Bwana," akamwambia mjomba, "huyu umeandika amezaliwa mwezi wa tatu. Huyu mwezi wa saba. Mwaka mmoja. Mkeo ni mmoja?"

"Ni mmoja," akasema mjomba.

Alikuwa amefikiria kila kitu isipokuwa hesabu ya miezi.

Mlangoni watu wakacheka. Mezani hakuna aliyecheka.

"Basi mmoja hapa si wako," akasema chifu.

Na wote wakamgeukia Mejumaa.

Mimi najibu sawasawa, mimi nina adabu, mimi naijua nasaba. Yeye anatokwa jasho. Wangefikiri nini?

"Binti, sema kweli," akasema yule mwenye miwani. "Wewe umevuka kutoka wapi?"

Mejumaa akaviinamia tena vidole vyake vya miguu. Chifu akaichukua fomu yake, akaiweka pembeni. Mjomba alikuwa ananitazama mimi. Alitaka ninyamaze au alitaka niseme, mpaka leo sijui.

Nikasimama.

Nikasema, "Mgeni ni mimi. Natoka Mkinga. Huyu ni binti yake, mimi ni mjukuu wa mama yake mkubwa."

Nilijua chifu akitaka, ananiitia askari sasa hivi. Yule mama wa makamo ndiye aliyesema kwanza.

"Una pasipoti?"

"Ninayo."

"Na ruhusa ya kusoma huku?"

"Ninayo, haijaisha."

"Sasa wewe karatasi zako unazo, mwenzio hana hata moja. Unataka kumchukulia na hii?"

Akamtazama chifu, chifu akatazama dirishani, kisha akairudisha ile fomu ya Mejumaa katikati ya meza. Yangu akaichana.

"Nenda zako, mwanangu," akasema yule mama. "Na kwa jambo hili usirudi hapa."

Mjomba alitangulia kwenda nyumbani bila kutungoja. Mejumaa alinishika mkono njia nzima. Mimi sikuweza kumwangalia.

Jumatatu nikaenda kwa Madam Njeri na pasipoti mkononi, nikamweleza kila kitu, hata mahamri ya Kona ya Musa. Nilikuwa nimeshakubali kwamba kazi imekwenda.

Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hivyo hii story yote ilikuwa ya nini?" akasema. "Si ungeniambia tu? Hapo kwa spa tuko na watu wametoka mpaka Bali."

Kumbe, mdogo wangu uliyeuliza, njia ipo. Kuna kibali cha kazi kwa raia wa Afrika Mashariki. Mwajiri anaandika barua, vyeti vinaambatanishwa, maombi yanapelekwa, unasubiri. Mimi nilikuwa nataka kuruka ukuta na geti liko wazi.

Lakini hakunibembeleza. "Hufanyi kazi hapa hata siku moja kabla haijatoka. Enda kwenu ungoje. Na sijakuahidi kitu."

Nikarudi Mkinga. Nilingoja miezi karibu saba nikiuza maandazi na mama, nikiamini nafasi ameshapewa mtu. Siku moja ukaingia ujumbe: "Permit imetoka. Kuja."

Nilikaa chini palepale kwenye mchanga, mama akafikiri kuna msiba.

Sasa hivi ni mwaka wa pili niko kwenye jiko lile, kihalali, jina langu limeandikwa kwenye ratiba. Namshukuru Mungu, namshukuru Madam Njeri ambaye angeweza kunifukuza ofisini na akaandika barua, na namshukuru yule mama ambaye hata jina lake silijui. Namshukuru na mjomba. Alikosea kwa kunipenda, na mimi nilimwaibisha mbele ya kijiji chake. Hakunisemesha kwa zaidi ya mwaka.

Mejumaa alipata kipande. Anasoma uuguzi Msambweni, na siku hizi yuko wodini kwa mafunzo.

Mwezi uliopita mjomba alilazwa huko huko, alifanyiwa upasuaji wa ngiri. Niliomba ruhusa kazini, nikaenda na mkate wa maziwa niliouoka mwenyewe. Nilisimama miguuni pa kitanda kama mtu aliyekuja kudai. Muuguzi mkubwa akapita, akauliza, "Mzee, huyu ni nani wako?"

Mjomba akajiinua kidogo kwenye mto.

"Mwanangu," akasema. "Wa Tanzania. Yule aliyeniletea vidonge ndiye wa hapa."

Kisha akanyoosha mkono apewe mkate.

Wakuu, nililia koridoni mpaka Mejumaa akaja kunifuata.

Nilichojifunza ni kidogo: useme mapema wewe ni nani, kabla watu hawajakusemea. Kama kuna mwenzangu anasoma nchi ya watu na kuna fomu anaiogopa, aandike hapa chini. Na kama kuna mjomba wako hamsemeshani, andika pia, nitakusoma.