Mutheu na Kompyuta Isiyotaka Mausi

Mutheu mwenye saiba, kibanda cha intaneti, pale Kitengela aliichukia kompyuta yake kama mtu anavyochukia chai iliyoangukiwa na nzi. Mashine ilikuwa ile ile kuukuu, ila Jumapili mpwa wake Lennox aliifuta yote, akaweka programu inayoendeshwa kwa kibodi tupu, bila kipanya. "Auntie, hii ni noma. Mausi ni ya wazee," alijigamba, akamwonyesha vitufe vitatu, akaenda zake. Kioo kikabaki cheusi tii, bila hata picha moja ya kubonyeza. Kinyaa kitupu!

Na Mutheu naye ana ukaidi wake. Mteja akiingia tu, anafunguliwa dirisha lake kwenye kioo hapo hapo, hata kama wako saba mbele yake. Hiyo ndiyo foleni, hakuna wa kumruka mwenzake. Zamani madirisha yalilaliana kwa amani. Programu hii haitaki mambo hayo: kila dirisha jipya linayabana mengine, yagawane kioo. Jumatatu alasiri yalikuwa manane, membamba kama majani ya sukuma wiki yaliyokatwa.

Moja lilikuwa la Kakenya, mama aliyetoka Isinya kumwombea bintiye basari, msaada wa karo. Mwisho wa kutuma ulikuwa saa kumi na moja. Walikuwa wamejaza fomu saa nzima, imebaki kutuma tu. Mara mteja mmoja akachoka kungoja, akatoka. Mutheu, akilaani chini kwa chini, akabonyeza vile vitufe kulifunga dirisha la huyo aliyetoka. Hakutazama ule mstari wa buluu, unaoonyesha dirisha litakalofungwa, umezunguka lipi. Fomu ya Kakenya ikapotea.

Alifungua fomu mpya. Akauliza majina upya, eti anahakikisha. Saa kumi na moja iliwakuta ukurasa wa pili, na kioo kikaandika kwamba maombi yamefungwa. Kakenya hakujua kusoma.

"Imeenda?" aliuliza.

Kakenya alidhani kimya cha Mutheu ni ndiyo. Akaishika mikono ya Mutheu yote miwili, akaitemea mate kidogo, baraka ya kwao Wamaasai. "Enkai akubariki, mama. Sasa msichana yangu ako na shule."

Mutheu alijichukia kuliko alivyoichukia ile programu.

"Haijaenda, mama. Ni mimi nilifunga fomu yako."

Kakenya aliiachia ile mikono, akajifuta vidole kwa shuka lake, kimoja kimoja.