Kiti cha Bi Bournival na Siku ya Mji Mzima Kuhama

Saa moja na nusu asubuhi, jua limeshaanza kuchoma, na Réjean Lampron amesimama katikati ya ngazi akiwa na friji kifuani. Ngazi ni ya chuma, iko nje ya nyumba, imejipinda kama mkia wa kinyonga. Madaraja matatu chini yake, mwenzake Aurélien Tchamba anaipokea friji kwa mkanda wa begani.

"Umeishika?"

"Nimeishika, mzee."

"Usiniite mzee kabla ya saa sita mchana."

Ni Julai mosi. Hapa Trois-Rivières, kama katika jimbo zima la Quebec, mikataba mingi ya nyumba za kupanga huisha siku hii moja, na mji huhama kwa pamoja. Magodoro yanapita barabarani juu ya paa za magari. Anayetoka anasubiriwa na anayeingia, na huyo anayeingia naye kuna mtu anayemsubiri kule alikotoka.

Kitu ambacho mtu hakihitaji tena hukiweka kando ya njia, mwenye kukitaka akachukue. Hakuna kuulizana. Kiti kilichosimama peke yake nje tarehe hii hakina mwenyewe.

Ndiyo maana Réjean ana sheria moja anayomfundisha kila anayekuja kubeba naye: mzigo hauachwi chini. Uwe ndani ya lori, au uwe mikononi mwa mtu.

Ana miaka hamsini na tisa. Alianza kuhamisha watu akiwa kijana, baada ya kukosa nafasi katika kiwanda cha karatasi alichofanyia kazi baba yake. Magoti yote mawili ameyafunga bandeji. Siku za kawaida yeye na wenzake hutoza dola mia na kumi kwa saa, lori likiwemo. Julai mosi, mia na sabini. Na bado watu wanawagombania, kwa sababu wabebaji hawapatikani.

"Nilitoa tangazo tangu theluji ilipoanza kuyeyuka," anasema. "Mdogo kuliko wote waliokuja alikuwa na miaka hamsini na nne. Akaniuliza kama kazi yenyewe ina ngazi."

Kwa mtu anayetaka kujua mji huu unakwenda wapi, Réjean ni wa kuulizwa. Mwenyewe anasema anausoma kwa mgongo.

Alipoanza, kila nyumba ilikuwa na kitanda cha mtoto, na vidole vyake vilizifungua skrubu bila macho kuangalia. Kisha vitanda vile vikaadimika. Vijana walifuata kazi na masomo Montreal, wazazi wakabaki na vyumba vitupu. Akawa anabeba baiskeli za mazoezi. Baadaye viti vya kuogea. Baadaye vitanda vya kuinuka kwa umeme. Leo mji una watu karibu laki moja na elfu arobaini, na takribani mmoja katika kila wanne ametimiza miaka sitini na mitano.

"Halafu miaka hii ya karibuni naanza tena kukutana na vitanda vya watoto. Nikajiuliza, jamani, hivi vimetoka wapi? Na sufuria! Sufuria za kupikia harusi." Anamwonyesha Aurélien kwa kidevu. "Kama za mke wa huyu."

"Za mke wangu usizitaje, umezibeba mara moja tu ukalala siku mbili," anajibu Aurélien, mwenye miaka thelathini na minane, aliyekuja kutoka Douala na watoto wawili akampata wa tatu hapa hapa.

Wazee wanashuka, wachanga wanapanda. Julai mosi wanapishana mlangoni.

Anayeshuka leo ni Fleurette Bournival, miaka themanini na minne. Ghorofa hii ya juu, katika mtaa wa Sainte-Cécile, ameishi nusu karne. Humu amelea watoto sita, na humu mumewe, Armand, alifariki. Sasa pumzi imekuwa fupi na daktari amemkataza ngazi. Anahamia nyumba ya wazee ng'ambo ya mto, yenye lifti. Réjean anamwita "Bi Bournival". Yeye anamwita Réjean "kijana".

Kitu cha mwisho kutoka ni kiti chake cha kubembea. Armand alikichonga wakiwa wanangoja mtoto wa kwanza. Wote sita wamenyonyea humo. Na sasa, tangu pumzi ianze kumsumbua, ndimo anamolala.

"Kitandani nazama," alimwambia Réjean asubuhi ile. "Humu napumua. Hicho ukibebe mwenyewe."

Akakibeba mwenyewe. Alipofika chini jua lilikuwa kali, na mbele ya nyumba kuna mti wenye kivuli kizuri. Akawaza kwamba mama wa watu atashuka amechoka, akute mahali pa kukaa. Akakiweka chini ya mti, akakigeuza kitazame barabara, akarudi juu kumfuata. Aurélien alikuwa ndani ya lori akifunga kamba.

Juu, Bi Bournival hakuwa na haraka. Alipita chumba kimoja baada ya kingine. Alifungua kabati tupu akalifunga. Jikoni, karibu na dirisha, akasimama juu ya michirizi miwili iliyochimbika sakafuni kwa miaka yote ile ya kubembea.

"Armand alitaka kubadilisha sakafu hii," alisema. "Nikamwambia, thubutu."

Wakashuka ngazi ya mbele, yeye ameshika chuma, Réjean akienda kinyumenyume mbele yake ili kama ataanguka aangukie kwake.

Chini ya mti hapakuwa na kiti. Palikuwa na alama mbili ndefu kwenye majani.

"Kijana," alisema Bi Bournival. "Kiti changu kiko wapi?"

Hata sasa Réjean anaposimulia anajipiga paji la uso. "Nimewafokea watu wangapi kwa kosa hilo hilo? Halafu mimi nikakiweka kivulini, uso barabarani, kama kinauzwa!"

Aurélien alichomoza kichwa kwenye lori. "Mzee, si ulisema mzigo hauachwi chini?"

"Fumba mdomo, fumbua macho."

Bi Bournival akajikalia kwenye daraja la mwisho la ngazi. Kule ng'ambo walikuwa wakimsubiri kabla ya saa kumi. Mwenye nyumba ameshapiga simu mara mbili kuuliza kama ametoka, maana wapangaji wapya wamefika. Haikumtikisa.

"Bila kiti siendi."

"Bi Bournival, tutakutafutia kingine, kizuri zaidi."

"Kizuri kwa nani? Usiku nitalala wapi, nimesimama kama farasi? Nenda kakitafute. Ulikishusha wewe."

Réjean akashika upande wa juu wa barabara, Aurélien upande wa chini. Pote palijaa samani, na kila samani ilikuwa na mtu anayeiangalia kwa tamaa. Kwenye kona, Réjean akaona mtu mnene amekaa kwenye kiti cha kubembea, katikati ya njia, anakunywa bia. Magoti na maumivu yake akayasahau, akakimbia.

Kilikuwa cha plastiki, cha kijani.

"Umechelewa, rafiki yangu," yule mtu akasema. "Nimekiokota saa tatu."

"Si hiki ninachotafuta. Changu ni cha mbao, mikono imelika."

"Basi sogea, unanizibia jua."

Mwanamke mmoja mwenye mbwa akaapa kwamba ameona kiti kikipita juu ya baiskeli. Aurélien akaifukuza ile baiskeli hadi kanisani. Kilikuwa kigoda cha piano. Wakarudi wote wawili wameloa jasho, mikono mitupu, kila mmoja akitumaini mwenzake ndiye amekipata.

Ngazini palikuwa na maboksi mawili ya pizza. Ni desturi: anayehama huwalisha wanaombebea. Yaliletwa Bi Bournival akiwa peke yake, naye hakuyafungua. Alikuwa amekaa kimya, na katika ukimya ule akasikia kitu.

Juu, kwenye dirisha la jikoni lililoachwa wazi, mbao ililia. *Nyii.* Ikanyamaza. *Nyii.*

Réjean alipopinda kona alimkuta mama mwenye pumzi fupi ameshafika katikati ya ngazi.

"Bi Bournival! Unakwenda wapi tena?"

"Nyamaza. Sikiliza."

Nyumba hizi zina ngazi mbili, ya mbele barabarani na ya nyuma uchochoroni. Wapangaji wapya, Yesenia Quiroga na mumewe Wilmar, vijana kutoka Colombia, walikuta lori la Réjean limeziba mbele, na mwenye nyumba akawapa ufunguo wa nyuma. Wilmar alipozunguka mbele kuangalia namba ya nyumba, akakiona kiti kivulini.

"Kazini waliniambia Julai mosi kilicho nje ni chako," Wilmar anaeleza, bado na aibu. "Tena hiki kilikuwa mbele ya mlango wetu! Nikasema, tazama, aliyetoka katuachia zawadi."

Kwa hiyo wakati Réjean anamshusha mwenye kiti kwa ngazi ya mbele, kiti chenyewe kilikuwa kinapandishwa kwa ngazi ya nyuma.

Bi Bournival alisukuma mlango wa jiko lake la zamani akihema. Kiti kilikuwa pale pale dirishani. Yesenia hakuhitaji kufikiria akiweke wapi. Aliiona michirizi miwili sakafuni, akajaribu, kikaingia kama mguu kwenye kiatu chake. Kifuani alikuwa na mtoto wa wiki tatu, Salomé, ananyonya macho yamefumba.

Alipomwona bibi mlangoni, na nyuma yake wanaume wawili wanaotiririka jasho, akaelewa. Akaanza kuinuka, Kifaransa chake cha kuokoteza kikimponyoka. "Samahani, mama, sisi hatukujua, sisi tulidhani..."

"Kaa, binti. Mtoto anayenyonya hasumbuliwi."

Bi Bournival akavuta boksi la sufuria, akakaa. Wilmar akabaki wima ukutani, mikono nyuma, kama mtoto wa shule. Simu ikaita mfukoni mwa Réjean, ni mwenye nyumba tena. Hakuna aliyejali.

"Anapenda zaidi upande wa kushoto?" aliuliza Bi Bournival.

"Ndiyo. Umejuaje?"

"Angalia mkono wa kiti. Wangu nao walikuwa hivyo hivyo, wote sita."

Yesenia alitazama ile mbao iliyolika chini ya kiwiko chake. Aliipapasa kwa kidole. Halafu akauliza, polepole, akitafuta maneno: "Usiku halali. Itakuwa hivi mpaka lini?"

"Wa kwanza wangu, miezi minne. Wa pili alilala toka siku aliyozaliwa. Nikadhani mgonjwa, nikawa namwamsha."

Yesenia akacheka mpaka mtoto akaachia ziwa. Alikuwa ameshalala. Mama yake akainuka taratibu, akasogea pembeni.

Réjean anakiri kwamba alitegemea bibi aseme, *kiache*. Hata Aurélien alitegemea.

"Ningekuwa na pumzi ningekuachia," Bi Bournival alimwambia Yesenia. "Lakini sina, mwanangu. Kiti ni kimoja, na usiku nataka kulala."

"Ndiyo, mama. Ni chako."

Pizza zilikuwa zimepoa. Walizila jikoni watu sita, mtoto akiwa amelala, wakiwa wamekaa juu ya maboksi, kwa kuwa kwa hesabu ya Bi Bournival kila aliyekipandisha au kukishusha kile kiti amefanya kazi, basi ale. Mtu wa sita alikuwa mwenye nyumba, aliyekuja kugomba akapewa kipande. Kisha Wilmar na Réjean wakakishusha. Aurélien akashika usukani, na Réjean akavuka mto akiwa nyuma ya lori, kiti mapajani.

Wiki tatu zimepita. Katika kibanda nyuma ya nyumba yake, Réjean ameinama juu ya meza ya useremala. Ile ilikuwa Julai mosi yake ya mwisho ya kubeba, anasema. Mwakani Aurélien ndiye atakayeongoza, yeye Réjean atakaa mbele ya lori na kulinda mizigo. "Kazi ya kulinda nadhani nimeshafundishwa."

Mezani kuna kiti cha kubembea. Alikiokota jioni ile ile kando ya njia, mbao moja ya chini imepasuka, na hakumwuliza mtu. Za chini zote mbili amezikata mpya mwenyewe. Jumapili iliyopita alipanda ngazi ya Yesenia na mkanda wa kupimia, akapiga magoti, akapima nafasi kati ya michirizi miwili ya sakafuni. Anataka kukimaliza kabla Salomé hajafikisha ile miezi minne.

Kinachomchelewesha ni Bi Bournival. Kila akipiga simu kutoka ng'ambo ya mto anauliza kimefika wapi, na kila mara anarudia sharti lile lile.

"Anasema lazima kilie," Réjean anaeleza, akikisukuma kiti kwa kidole na kutega sikio. Kinabembea kimya. Anatikisa kichwa, anachukua bisibisi, anailegeza skrubu moja. "Kiti kisicholia, anasema, kikipotea utakitafutaje?"