Hesabu Niliyotwanga Mlimani

Mwezi uliopita nilikuwa Mkiwa, pale njia panda, nangoja basi, kijana mmoja akawasha msumeno wa petroli akate mti ulioangukia uzio wa jirani yake. Moshi ukanijia usoni, ule moshi wa buluu wa petroli iliyochanganywa na oili, mtamu kidogo puani halafu mchungu kooni. Wenzangu waliziba pua. Mimi nilishika tumbo. Mama mmoja muuza karanga akaniuliza kama naumwa, nikamwambia hapana, ni uzee tu. Nilimdanganya. Mimi nimefundisha shule miaka mingi, nimewachapa watoto wa watu kwa sababu ya uongo, na uongo wangu mkubwa kuliko wote niliusema nikiwa na miaka kumi, ndani ya moshi kama ule. Ngoja niwasimulie ninyi, maana nyumbani sina tena wa kumsimulia.

Zamani tuliishi juu ya mlima, Uiramba, karibu kabisa na hospitali ya misheni. Ikaja operesheni ya vijiji. Tulipakiwa kwenye gari pamoja na kuku, mitungi na bibi mmoja jirani aliyekataa kuachia mlango wake, akasafiri ameukumbatia. Tulishushwa chini bondeni, kwenye kijiji kipya chenye vigingi vilivyonyooshwa kwa kamba, bendera, ghala la ushirika na mizani mpya. Kisima kilikuwa bado hakijachimbwa, na hospitali ilibaki kule kule juu.

Baba yangu alikuwa bwana mifugo, na alikuwa mtu wa vipimo. Alimhesabu ng'ombe mapigo ya damu kwa kumshika chini ya mkia, akitikisa kichwa taratibu huku midomo imefumba. Alipima kimo cha mtama. Alipima hatua za kutoka nyumbani hadi chooni, akasema zimezidi. Mama alimwambia siku moja, "Baba Eliwaza, utapima na kaburi lako mwenyewe." Eliwaza ndiye mimi. Tulicheka sote, yeye baba kuliko wote.

Pikipiki aliipata idara ilipoitupa. Ilikuwa ndogo, tangi la kijani lililobabuka, ya aina ile ya kuchanganya oili humo humo kwenye petroli. Ukiacha lori la ushirika, lililopanda mlima kila Alhamisi, ilikuwa ndicho chombo pekee cha moto kijijini kwetu. Watoto tulikuwa tukiikimbilia kwa nyuma ili tuvute ule moshi. Naona aibu kusema kwamba niliupenda.

Basi mama alikuwa mjamzito. Mimi nilizaliwa kwa kupasuliwa, na baada yangu mama alizika watoto wawili waliofia tumboni kwa kuchelewa. Daktari alimwambia waziwazi kwamba safari hii uchungu ukianza asikawie hata kidogo kufika hospitali. Kulikuwa na njia mbili. Kwanza, apande lori mapema akakae juu kwenye nyumba ya wajawazito, miezi miwili, angoje siku yake. Pili, abaki nyumbani na sisi, na uchungu ukianza baba ampandishe kwa pikipiki. Baba alisema hilo halitaamuliwa kwa maneno, litaamuliwa kwa kipimo.

Kwanza alimpima mama. Alimkalisha kwenye gunia, akamtundika kwenye mizani ya ushirika, mama mzima na tumbo lake, miguu inaning'inia, watu wakasimama kutazama. Karani akasema kama angekuwa alizeti angekuwa daraja la kwanza. Mama alicheka mpaka gunia likazunguka. Baba akajaza mchanga kwenye gunia jingine uzito ule ule, akalifunga nyuma ya pikipiki.

Fundi alikuwa Mjomba Simeoni, mdogo wake mama, aliyewahi kufanya kazi karakana ya barabara Singida mjini. Alikuwa na bisibisi mbili, tupa moja na maneno mengi. Ndiye aliyeweka sharti. Kutoka korongoni, chini ya mlima, hadi kwenye jiwe kubwa la juu, alisema, pikipiki ikipanda chini ya hesabu mia mbili, ina nguvu na akiba yake. Ikizidi hapo, inapanda kwa kujikaza, mashine itapata moto mno, pistoni ivimbe ishike ndani ya silinda, na ikishika imeshika. "Mlima hauna ujomba," alisema, na hakuwa anatania.

Saa ya baba ilikuwa haina mshale wa sekunde. Ndipo akanikumbuka mimi. Tangu nina miaka sita nilikuwa natwanga mawele na mama, kinu kimoja michi miwili, yeye anapiga mimi napiga, na ukikosea pigo michi inagongana, unachekwa siku nzima. Baba alituhesabu siku moja akiwa ameshika mapigo ya damu yake, akakuta sipotezi pigo. Akapakia kinu akakipeleka juu ya mlima, akakiweka kando ya lile jiwe. Mama akasema haiwezekani mtoto apande mlima kutwanga hewa, akanifungia mawele kwenye kitambaa. Kwa hiyo nikawa saa ya baba, na jioni tukala ugali wa saa hiyo.

Kazi yangu ilikuwa hivi. Baba akiwa korongoni anapiga honi, mimi naanza kutwanga na kuhesabu. Akinipita jiweni naacha, namwambia nimefika ngapi. Tulipima asubuhi na mapema, umande haujakauka, kwa sababu saa mbili kengele ya mwenyekiti ililia na kila mtu alitakiwa shamba la kijiji, akiwemo bwana mifugo. Hakuna aliyefikiria kitu juu ya hilo.

Mara ya kwanza, mia mbili hamsini na nne. Mjomba akafungua eksozi, imejaa masizi meusi ya oili, akaichoma kwenye moto wa kuni mpaka ikawa nyekundu, akaigonga masizi yakamwagika. Mara ya pili, mia mbili thelathini na moja. Baba alinibeba juu kwa furaha. Wakachezea kabureta siku nne, wakipunguza na kuongeza petroli, wakitazama rangi ya plagi kama watu wanaosoma barua. Haikushuka. Mwisho Mjomba akachukua tupa, akafungua silinda, akapanua tundu la kutolea moshi, unene wa ukucha hivi. Pikipiki ikabadilika sauti. Kwenye tambarare ilikimbia vibaya sana, kuku wa watu wakahama njia. Mjomba akasema tujaribu mara moja ya mwisho, Jumatano, na kama haikukubali, kesho yake Alhamisi mama apande lori.

Sasa niwaambie nilichokuwa nacho moyoni. Sikutaka mama aende. Ningebaki kwa shangazi, dada wa baba, mwanamke aliyehesabu vipande vya viazi kabla ya kuvichemsha na baada ya kuvichemsha. Lakini si shangazi tu. Sikuwahi kulala bila kusikia mama akikohoa chumba cha pili. Nilimpenda mama yangu kwa uchoyo, kama mtoto wa pekee anavyopenda.

Jumatano ile mama naye alishuka hadi korongoni kutazama. Honi ikalia. Nikaanza kutwanga. Nilipofika mia, nikachungulia bondeni, nikaiona pikipiki bado iko chini ya kona ya kati, na sauti yake ilikuwa nyembamba, inalia bila kuvuta. Ile tupa ilikuwa imeipa mbio za tambarare na kuinyang'anya nguvu za mlimani, ila hilo sikulijua. Nilijua tu kwamba itachelewa. Nikaanza kuinua mchi taratibu. Nikautua taratibu. Niliuinua mpaka mikono ikatetemeka kwa kuusubirisha hewani. Baba aliponipita, akazima, akageuka.

"Ngapi, mama?"

"Mia na tisini na sita."

Akanitazama. Akanitazama tena kidogo. Kisha akafuta vumbi kwenye tangi kwa kiganja, akasema, "Haya." Hakunibeba juu siku hiyo. Nilidhani ni kwa sababu amechoka. Kesho yake lori lilipanda bila mama.

Wiki ya tatu, saa nane mchana, jua la kupasua mawe, mama aliita akiwa jikoni. Baba na Mjomba wiki hizo walikuwa wamepewa ruhusa ya kubaki nyumbani; baba alimpakia, akamfunga kiunoni mwake kwa kanga ili asidondoke. Mimi na Mjomba tukafuata kwa miguu, mbio. Nilikuwa naisikia pikipiki mbele yetu, na bila kutaka nikajikuta nahesabu. Mia na kumi. Mia na ishirini. Sauti ikawa nyembamba, halafu ikalia kama chuma kinachokwanguliwa, halafu hakuna kitu. Bonde zima likanyamaza.

Tuliwakuta juu kidogo ya kona ya kati. Baba amesimama juu ya kiki ya kuwashia kwa uzito wake wote na kiki haishuki. Mashine imeshika. Mama amekaa chini, mgongo kwenye mwamba, bado ana fundo la kanga kiunoni. Hakuwa analia. Aliniambia, "Eliwaza, nenda kaite wanaume waje na kitanda." Nikakimbia. Wanaume walikuwa shamba la kijiji, mbali, na walikuja wote, siwezi kuwasema vibaya. Walimpandisha kwa kitanda, wakipokezana. Walifika hospitali jua linazama. Mtoto alikuwa wa kiume. Alikufa kwanza, mama akafuata.

Baba hakuitengeneza ile pikipiki. Iliegemea ukuta wa nyuma mpaka kuku wakaanza kutagia kwenye kiti chake. Aliponiona nimeshika mchi, aliniambia nisitwange tena, nipeleke nafaka mashineni, ingawa mashine ilikuwa mwendo wa nusu siku. Hakuoa. Alinisomesha, akaniozesha, akawapima wajukuu wake kimo kila Krismasi ukutani kwa kisu. Kila niliporudi likizo nilisema safari hii nitamwambia. Nilifika mpaka mlangoni mwa neno lenyewe, nikamwuliza kama chai ina sukari ya kutosha. Miaka mingapi hiyo. Baadaye mkwe wangu, fundi wa magari, alinieleza kwamba mashine ile hupoteza nguvu kwenye joto, na kwamba vipimo vya alfajiri haviwezi kuamua safari ya saa nane. Alidhani ananieleza ufundi. Mimi nilikuwa natafuta humo mahali pa kujificha, na sikupaona, maana hata kwa baridi ilikuwa imekwisha kushindwa.

Baba alifariki mzee. Siku ya tatu ya matanga, watu wamepungua, nilikaa na Mjomba Simeoni nyuma ya nyumba, na hapo nikamwambia yote, tangu mwanzo hadi ile mia na tisini na sita. Nilitegemea anilaani. Ningeshukuru.

Akasema, "Mama, baba yako alikuwa anahesabu mwenyewe. Safari zote alihesabu moyoni, kama anavyohesabu ng'ombe. Siku ile alipata mia mbili thelathini na tatu. Aliniambia jioni ile ile."

Nikamwuliza kama mama alijua.

"Dada? Nilikuwa nimesimama naye korongoni. Asubuhi kinu kinasikika bonde zima. Alisikiliza, akaniambia, leo binti yangu anatwanga kama mgonjwa. Akacheka. Akasema, ananipenda huyu, hataki niende. Na yeye hakutaka kwenda."

Kwa hiyo hapakuwa na mtu mlimani siku ile aliyedanganyika. Nilikuwa nimemficha baba miaka yote, naye alikuwa amenificha mimi, tunakula sahani moja, kila mmoja akidhani anamlinda mwenzake na jambo ambalo mwenzake analijua tayari. Mngedhani habari ile ilinipunguzia mzigo. Haikunipunguzia. Mtoto akidanganya wakubwa, hiyo ni ajali. Wakubwa wakimkubalia kwa kuwa na wao wanataka hivyo, sijui tuiite nini.

Nikamwuliza Mjomba, kwa hasira ambayo sikujua kama bado ninayo, kwa nini basi hakusema. Usiku ule lori lililala pale pale ghalani.

"Nilijua baba yako atasema," alijibu. "Mtu wa vipimo yule."

Niliposhuka mlimani Jumatano ile, na ule uongo mdomoni, mimi pia nilikuwa na hakika hiyo hiyo.