Safari ya Brashi

Kwa miaka mingi mpaka rangi mmoja, waliyemwita Brashi, ndiye aliyeongoza kamati ya kutembelea wagonjwa kanisani kwao, na hapakuwa na mgonjwa aliyemponyoka. Ukifumbua macho hospitalini, ulimkuta kando ya kitanda, viatu vimejaa madoa ya rangi, amekuletea matunda na zaburi. Ukidai huhitaji kitu, alinuna. Aliamini kwamba Mkristo anayekataa kusaidiwa na wenzake ana kiburi, na aliwahi kulisema hilo mbele ya waumini ibadani, kwa kirefu.

Kisha akaanguka kutoka kwenye ngazi akipaka dari ya duka la vitambaa, akavunjika mkono wa kulia. Ule wa kushoto, kwa maneno yake mwenyewe, ulikuwa wa kushikia ndoo tu.

Alifungwa plasta, akarudi chumbani kwake na wasiwasi mmoja tu: kanisa lisijue. Alikuwa mjane, na binti yake ameolewa mbali. Wageni ambao wangekuja aliwajua vizuri. Mama Mwenyekiti, kiongozi wa umoja wa akina mama, angewataja jamaa zake wote waliovunjika mkono wasipone. Shemasi, dereva wa teksi, angeomba hadi chai ipoe. Na wote wangemwona Brashi amefunga suruali kwa kamba, kwa kuwa mkanda wahitaji mikono miwili. Akaandika kwenye kundi la simu la kanisa, kwa kidole gumba cha kushoto: "Nimesafiri. Mniombee." Mama mwenye nyumba naye akaagizwa aseme hivyo hivyo.

Wakamwombea safari njema. Kisha wakakaa kikao.

"Kaka huyu amepaka nyumba za mji mzima, kwake kuta zinabanduka," alisema Mama Mwenyekiti. "Sasa hayupo. Twendeni tukampakie."

Jumamosi asubuhi Brashi akasikia ndoo zikigongana barazani.

"Amesafiri," mama mwenye nyumba akawaambia, mwaminifu kwa agizo lake, akawapa ufunguo wa akiba.

Brashi akajivutia shuka hadi utosini. Mlango ukafunguka.

"Kumbe safari yenyewe ni ya kitandani," alisema Shemasi.

"Nimerudi jana," lilijibu shuka.

"Na huo mkono unaochungulia?"

"Umeumia njiani."

Mama Mwenyekiti akaikagua plasta, iliyokwisha kuwa na rangi ya soksi chafu. "Njia ilikuwa ndefu, baba."

Hakuna aliyemkaripia, jambo ambalo lilimuudhi, maana karipio alikuwa amelitayarishia majibu. Walimsukuma yeye na kitanda chake hadi katikati ya chumba, wakafunika kabati, wakaanza kazi. Mwalimu wa kwaya alipaka kuanzia chini. Shemasi alichovya brashi hadi mpini.

"Anzeni juu, jamani. Rangi itawachuruzikia."

"Wewe umesafiri," alisema Mama Mwenyekiti bila kugeuka.

Kufikia adhuhuri kuta zilikuwa njano, dirisha pia kiasi, na Mwalimu wa kwaya ndiye aliyekolea njano kuliko vyote. Walikunywa chai wameketi juu ya ndoo, wakimcheka Brashi mbele yake, heshima ambayo hakuwahi kuipata kwa wagonjwa wake, waliomwogopa.

"Haya, tunakwenda," alisema Shemasi. "Kuna kingine?"

Brashi akafungua kinywa kusema hakuna. Neno lilikuwa tayari ulimini, na ndilo lililokuwa likimnunisha kila alipolisikia kwa wengine. Akaitazama kamba kiunoni.

"Sijaoga sawasawa tangu nivunjike," alisema. "Mgongo siufikii."

"Tulishaisikia harufu," alisema Mama Mwenyekiti. "Tulikuwa tunangoja uiseme mwenyewe." Akaenda kubandika maji.

Wengine wakatoka. Shemasi akakunja mikono ya shati, akamketisha Brashi kwenye kigoda bafuni, plasta imefungwa mfuko wa nailoni, akamsugua mgongo bila mpangilio wowote, kama alivyopaka ukuta, huku akiomba kwa sauti.

Brashi akafumba macho.

"Hapo," akasema. "Usiondoke hapo."