Maharage ya Kijivu

Nianze na kosa langu mwenyewe, maana nikianza na la mwenye shamba nitamaliza karatasi zote kwake na mimi nitatoka msafi. Nilikula mbegu ya mtu. Niliitenga kwa mikono yangu, nikaipeleka jikoni, nikaipakua kwenye sahani na nikaisifia. Hasira niliyonayo hadi leo nusu yake ni juu yangu, na nusu hiyo ndiyo inayouma zaidi.

Chuo cha kilimo kilinipeleka mafunzo kwa vitendo, wiki kumi, kwenye shamba la kilimo hai huko milimani, njia ya kwenda Kalinzi. Mimi ni mtoto wa Ujiji. Shamba nililolijua ni la mihogo ya bibi, na tulikwenda na kurudi siku hiyohiyo. Hapa nililala hukohuko. Nguzo ya umeme haikuwa imefika, na mwenye shamba hakutaka ifike. Alikuwa na paneli mbili za sola juu ya paa la stoo, zinazotosha taa nne na simu zetu, nazo simu tulichaji saa sita mchana tu, kwa zamu. Maji yalikuwa ya mvua na ya kijito. Ziwa tuliliona kule chini, maji hadi macho yanachoka, na ndoo tukabeba kichwani kama kawaida. Nilinuka samadi hadi kwenye nywele.

Mwenye shamba alikuwa mtumishi mstaafu aliyerudi kwao baada ya miaka mingi ya ofisini Dar es Salaam. Tulimwita Mzee. Sitasema alikuwa tapeli. Mbolea ya dukani haikupita getini kwake, wala dawa, wala mfuko wa plastiki. Mgeni akija na soda ya chupa ya plastiki, chupa anarudi nayo. Neno lake lilikuwa "asili". Chakula cha asili, udongo wa asili, maisha ya asili. Lakini jembe lake lilikuwa na mpini mpya siku nilipofika, na lilikuwa na mpini mpya uleule siku nilipoondoka. Kazi yake ilikuwa kutembeza wageni.

Aliyelijua shamba kweli ni mama mmoja, mfanyakazi wake wa siku zote. Alivuka kutoka Burundi akiwa mgongoni kwa mama yake, familia ikakaa, ikawa ya hapa. Yeye ndiye aliyenifundisha kupima joto la rundo la mboji kwa kuchomeka fimbo, kusubiri, kisha kuishika kwa kiganja. Mwalimu wangu chuoni alikuwa na slaidi kumi na mbili za somo hilo na sikuelewa hata moja. Mzee alimpa kipande cha ardhi chini karibu na kijito alime chakula chake, na kipande hicho ndicho kilichomlisha yeye na wajukuu wake watatu. Kila asubuhi nilimpa shikamoo, akaitikia, kisha akanisalimu tena kwa Kiha, nami nikajibu kwa Kiswahili. Sisi wa mjini Kiha tunakielewa watu wakisengenyana na tunakisahau tukitakiwa kujibu.

Mwezi wa kumi ulipoanza, mawingu yakaanza kukusanyika upande wa ziwa. Mama akapata msiba huko Kasulu, akaondoka. Aliniaga akisema atarudi kabla mvua ya kupandia haijakaa sawa.

Siku ya pili yake Mzee akaniita. "Binti, mwalimu wako anakuja Ijumaa ya wiki ijayo. Nataka akute mbegu zetu za asili zimekaa kwa mpangilio. Ingia stoo, kuna pipa la maharage limechanganyika hovyo. Tenga kila aina kwenye chupa yake."

Lilikuwa pipa dogo la bati, kona ya mwisho. Nilipofunua nikashika kiuno. Ndani ya majivu kulikuwa na maharage ya kila rangi: mekundu, ya njano, meusi, meupe, ya kahawia, yenye madoa, ya zambarau, na mengine madogo ya kijivu. Nani mzembe huyu, nikajiuliza. Chuoni tulikariri kwamba mbegu bora ni ya aina moja, safi, isiyochanganyika na nyingine. Maharage ninayoyajua mimi ni ya soko la Mwanga kwetu mjini, kila rangi na gunia lake, kila gunia na jina lake. Sikujua kwamba watu wa huku juu hupanda mchanganyiko kwa makusudi. Nilikuwa nimeishi saa moja na nusu kutoka kwao maisha yangu yote, na sikujua.

Nilikaa juu ya turubai siku mbili nikitenga, mgongo ukikatika. Chupa saba za vioo zikajaa, nikaandika vibandiko kwa mwandiko wangu mzuri. Yale madogo ya kijivu sikuyapa chupa. Yalikuwa yamekunjamana, hayana mng'aro, nikaamua kwamba hayakukomaa. Hakuna aliyeniambia. Niliamua mwenyewe, kwa elimu yangu. Yalikuwa kisado kimoja na kidogo, nikayapeleka jikoni.

Maharage yetu ya siku zote yalikula kuni kuanzia saa tano mpaka saa nane. Haya yaliiva kabla sijamaliza kuosha masufuria. Mchuzi ukawa mzito wenyewe, bila nazi, bila karanga. Mzee akaongeza, akaongeza tena. Nami nikasema kwa kinywa changu hiki, "Kumbe mabovu ni matamu kuliko mazima!" Tukacheka. Tuliyala siku tatu mpaka yakaisha.

Jumatatu mvua ya kwanza ya maana ilinyesha alfajiri, na asubuhi hiyohiyo mama akarudi. Hakupumzika. Alichukua beseni na jembe akaja moja kwa moja stoo, akakuta pipa limefunuliwa, na ndani majivu matupu.

"Maharage yangu yako wapi?"

"Yako?"

"Yangu. Nyumba yangu inavuja, nayaweka hapa kila mwaka."

Nikamwonyesha rafu. Nasema ukweli, hata wakati huo bado kulikuwa na kiburi kidogo kwenye mkono wangu nilipokuwa nikionyesha. Mama akapita mbele ya chupa moja moja, akizigusa kwa kidole. Alipofika ya saba akarudi mwanzo, akapita tena.

"Na ya kijivu?"

"Yapi?"

"Madogo. Ya kijivu."

"Yale tumeyala, mama."

"Mana yanje," akasema. Yaani Mungu wangu. Akakaa chini kwenye sakafu ya stoo, beseni mapajani.

Nilitamani anitukane. Badala yake akanieleza, polepole, na kila neno nililisikia. "Mwanangu, mwaka hauniambii utakuja na nini. Mvua ikizidi, haya ya njano yanaoza kwanza, mekundu yanafuata. Ya kijivu hayaozi. Jua likizidi, ya kijivu yanakataa, mekundu ndiyo yananilisha. Ndiyo maana napanda yote pamoja. Mengine yanakufa, mengine yanabaki, sisi tunakula." Akavuta kifuniko, akalifunika pipa. "Ungeuliza."

Nilikimbia kwa Mzee. Alikuwa kibarazani anasikiliza redio ya betri. Nikamweleza kwamba pipa lilikuwa la mama, kwamba anataka kupanda leo, kwamba nimwage chupa zote achukue yaliyobaki.

"Maharage ni maharage," akasema. "Mpimie kisado cha njano apande."

"Mzee, anataka yake. Yote."

"Kilicho stooni kwangu ni cha shamba. Lakini sawa, achukue, Ijumaa mwalimu akishaondoka. Siku nne hazimuui mtu." Kisha akapunguza sauti ya redio. "Na kitabu chako cha mafunzo bado sijakitia saini, au siyo?"

Hapo ndipo ninapojichukia. Chupa zilikuwa kwenye rafu isiyo na mlango. Ufunguo wa stoo ulikuwa kwangu, nimeufunga kwenye pindo la kanga. Ningeweza kumwaga zile chupa asubuhi ileile, na mama angepanda kwenye udongo ulioloa wakati wake. Bila saini ya Mzee ningerudia mwaka, na mama yangu mzazi alikuwa ameuza cherehani yake kunilipia ule niliokuwa ninaumaliza. Ndivyo nilivyojitetea kimoyomoyo. Ni kweli, na hainisaidii chochote.

Jumanne mvua ikanyesha, Jumatano ikanyesha. Majirani wa ng'ambo ya kijito walikuwa wameinama mashambani mwao wakipanda. Mama akalima kipande chake, akakirudia, akang'oa hata magugu ambayo hayajaota vizuri, ilimradi mikono isikae bure. Mara moja aliinua macho akatazama pindo la kanga yangu penye ufunguo. Akaendelea kulima. Ningependa kuandika kwamba niliyavumilia macho yake hapo. Niliingia jikoni nikajifanya natafuta chumvi.

Ijumaa mwalimu akaja kwa bodaboda, viatu vimejaa tope. Mzee akamtembeza, akampa chai ya mchaichai, akamleta stoo. Mwalimu akainua chupa kwenye mwanga wa mlango. "Hii ndiyo kazi ya mwanafunzi aliyeelewa," akasema, akapiga picha. Mzee akamwita mama kutoka shambani. "Shika hii hapa. Tabasamu kidogo. Watu waone mbegu za asili na mlinzi wake." Mama akashika chupa yenye maharage yake mwenyewe, magamba ya tope yakimkaukia vidoleni, akatazama kamera. Hakutabasamu. Mzee akatia saini, mwalimu akaandika A kwa wino mwekundu.

Walipoondoka kwenda getini nikamwaga chupa zote kwenye beseni la mama kwa haraka, nikaanza kuyachanganya ili angalau nifanye kitu kimoja sawa.

"Acha," mama akasema, akaliondoa beseni mbele yangu. "Umeshasaidia."

Kesho yake niliomba ruhusa nikapanda bodaboda mpaka Kalinzi kutafuta maharage ya kijivu. Nikauliza nyumba kwa nyumba. Mama mmoja akaniambia alikuwa nayo mpaka mwaka juzi. Wanunuzi wanaokuja na malori wanataka ya njano, ukiwapelekea yaliyochanganyika wanakushusha bei mbele za watu, basi akayaacha. Nikashuka mpaka Mwanga sokoni. Muuzaji akanicheka. "Ya kijivu? Hayo hayana soko, dada. Nikuwekee njano?" Nilimjibu vibaya, mpaka mwenzake wa meza ya pili akanyanyuka. Hakuwa na kosa lolote yule muuzaji. Nilirudi mlimani na mfuko mtupu.

Msimu ule mvua haikujua kuacha. Kwetu Ujiji, nilikorudi mafunzo yalipokwisha, maji yaliingia mpaka barazani. Kila iliponyesha, wengine walizungumzia barabara na paa, mimi nilihesabu rangi: sasa ya njano yamekwisha, sasa mekundu.

Mwezi wa kwanza nilirudi kumsalimia. Nilipita kwanza kwa Mzee, kwa adabu, na pale kwenye rafu nikaziona chupa zangu saba, vibandiko vyangu, kila chupa na konzi ya maharage ambayo Mzee aliyachota kwenye beseni la mama kabla halijakwenda shambani, kwa ajili ya wageni. Nikamuuliza kwa nini. "Ni maonyesho tu," akasema. "Wanafunzi wanaokuja wajifunze." Nilimwambia aliiba chakula cha mtu na mimi ndiye niliyemshikia mfuko. Sikumwita Mzee. Akanyanyuka akaniambia nitoke, nami nikatoka nikiwa bado ninasema, na wafanyakazi wawili waliokuwa wakipalilia kahawa wakasimama kunisikiliza. Ilikuwa imechelewa miezi mitatu.

Mama nilimkuta nyumbani kwake. Shamba lake lilikuwa limeoza. Aliyovuna hayakujaza hata beseni alilopandia. Miaka ya mvua nyingi majirani walikuwa wakija kwake kuazima mbegu, akaniambia, wakijua kwake hakukosekani kitu. Mwaka huu walikuja vilevile, akawarudisha. Aliyasema hayo akipuliza moto, kama anayesimulia habari za sokoni.

Kwa kuwa mgeni haondoki hivihivi, akanipakulia ugali wa muhogo na maharage. Nikamwambia nimeshiba. Akaweka sahani mapajani mwangu. Nikamuuliza yeye atakula nini, akasema yeye na watoto wameshakula. Sufuria alikuwa bado amelishika, nikaona ndani yake: lilikuwa limekwanguliwa mpaka chini.

"Siwezi, mama."

"Kula, mwanangu," akasema. "Ukiyaacha hayatarudi kuwa mbegu."

Nikala.